Malaika (wimbo)

Malaika ni wimbo wa mapenzi wa Kiswahili, na huenda ndio unaojulikana zaidi duniani kati ya nyimbo zote za lugha hii. Ulirekodiwa mara ya kwanza takriban mwaka wa 1960 na mwanamuziki wa Kenya Fadhili William. Baadaye uliimbwa na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, Harry Belafonte wa Marekani, kundi la Boney M. la Ujerumani, Angélique Kidjo wa Benin na wengine wengi. Leo hupigwa harusini, katika hoteli za pwani na kwenye sherehe za shule, na wageni wengi wanaofika Afrika Mashariki huwa wameusikia kabla hawajajifunza salamu ya kwanza.

Ajabu ni kwamba wimbo huu wa harusini unamhusu mtu aliyeshindwa kuoa. Tena, pamoja na umaarufu wake wote, hakuna jibu moja linalokubaliwa na wote kuhusu mtunzi wake. Fadhili William alisema ni wake. Adam Salim wa Tanzania alisema ni wake, na kwamba aliutunga miaka mingi kabla. Majina ya Grant Charo na Lucas Tututu wa Kenya hutajwa pia.

Maudhui

Anayeimba ni kijana anayezungumza na mpenzi wake. Anamwambia kwamba anampenda na angependa kumwoa, ila hana mali. Anamlinganisha na ndege mdogo anayemuwaza kila mara, na anakiri kwamba pesa zinamsumbua moyo. Hayo ndiyo yote. Hakuna mgogoro na mpinzani, hakuna usaliti, wala mpenzi hajibu lolote. Wimbo unarudia hali hiyo moja mpaka mwisho, kwa mwendo wa polepole ambao mpiga gitaa wa kawaida anaweza kuufuata.

Nguvu ya maneno yake imo katika kitu kidogo cha sarufi, yaani kiambishi -nge-. Kijana hasemi kwamba ataoa, wala hasemi kwamba hataoa. Anasema kwamba angeoa. Kiambishi hicho hubeba masharti yasiyotimia, na kinaeleza kisa chote kwa silabi moja. Tafsiri nyingi za lugha za kigeni hulazimika kutumia maneno kadhaa kulifikisha jambo hilohilo.

Jambo lingine hupotea kabisa katika tafsiri. Kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi kilichomo katika wimbo ni kuoa, kwa hiyo msemaji hawezi kuwa mwingine ila mwanamume. Miriam Makeba hakukibadilisha kitenzi hicho. Sauti yake ya kike ilibeba maneno ya kijana wa kiume. Msikilizaji wa Stockholm au New York hakuweza kuligundua hilo, lakini msikilizaji wa Mombasa aligundua mara moja, na hakuonekana kujali.

Neno malaika lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako ni wingi. Katika Kiswahili hutumika kwa umoja na kwa wingi bila kubadilika. Mbali na kiumbe wa mbinguni, hutumika pia kwa mtoto mchanga asiye na dhambi, na kwa vinyweleo laini vya mwilini. Kumwita mpenzi kwa jina hilo ni kumweka mahali pasipofikika kwa urahisi, na katika wimbo huu hafikiki kweli.

Masimulizi kuhusu chimbuko lake

Adam Salim, aliyezaliwa mwaka wa 1916, alieleza kwamba alitunga wimbo huu alipokuwa akiishi Nairobi kati ya mwaka wa 1945 na 1946. Kwa masimulizi yake, alimpenda binti mmoja mzuri sana aliyempa jina la utani la Malaika. Wazazi hawakuukubali uhusiano wao, na binti akaozwa kwa tajiri mwenye asili ya Asia. Salim alibaki na wimbo. Aliuimba mbele ya watu, lakini hakuurekodi wakati huo.

Simulizi la Fadhili William linafanana na hilo kwa sura, ila watu wake ni wengine na miaka yake ni ya baadaye. Kwake pia kulikuwa na msichana aliyeitwa Malaika kwa mahaba, na pia kulikuwa na upungufu wa fedha ulioizuia ndoa. Yeye aliuweka utunzi wake mwishoni mwa miaka ya 1950.

Masimulizi mawili yanapofanana hivi, msomaji anaweza kudhani kwamba mmoja ameiga hadithi ya mwenzake. Inawezekana. Lakini kuna maelezo mengine yasiyohitaji mwongo: kisa hicho kilikuwa cha kawaida mno. Katika Kenya ya kikoloni mishahara ya Waafrika mijini ilikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke, kwa dhana kwamba familia, kama ipo, inaishi kijijini na kujilisha yenyewe kwa shamba. Manung'uniko ya mishahara yalichangia mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, yaani muda mfupi tu baada ya miaka anayoitaja Adam Salim. Ni mwaka wa 1954 ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilipopendekeza kwamba mshahara wa mfanyakazi wa mjini uweze kutunza familia. Kijana wa Nairobi aliyeimba kwamba hana mali ya kuolea alikuwa akiueleza mfumo wa mishahara ulivyokuwa. Vijana wengi wangeweza kuutunga wimbo huo, na wengi zaidi wangeweza kuusikia na kuamini kwamba ni wao walioimbwa.

Kuhusu Grant Charo na Lucas Tututu, madai yao yanatajwa mara nyingi lakini hayakupata kusikika kwa upana kama yale mawili ya kwanza.

Mali, mahari na mfano wa Hanang

Wimbo hautaji neno mahari popote, ila kila msikilizaji wa Afrika Mashariki hulisikia ndani ya neno mali. Mtu wa mjini huwaza fedha taslimu. Kwingineko mali ni ng'ombe, na njia zinazopita ng'ombe hao hazifanani kila mahali. Mfano unaofaa kuangaliwa ni wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kaskazini mwa Tanzania.

Eneo hilo ni la pekee kwa lugha. Wairaqw, walio wengi Mbulu, husema lugha ya Kikushi. Wadatooga, wakiwemo Wabarbaig wanaofuga katika nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang, husema lugha ya Kinailoti. Wapo pia wasemaji wa lugha za Kibantu, na katika bonde la Yaeda wanaishi Wahadzabe, ambao lugha yao haina undugu uliothibitishwa na nyingine yoyote. Kwa watu hao karibu wote Kiswahili ni lugha ya pili, ya shule, soko na redio. Wimbo kama Malaika hapo si wa kabila fulani. Ni mali ya kila mtu kwa kiasi kilekile.

Lakini kisa chake hakitafsiriki kirahisi katika desturi za kila jirani. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyefanya utafiti kwa Wabarbaig katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka wa 1970, alionyesha kwamba kwao mahari anayotoa mwanamume ilikuwa ndogo. Mtiririko mkubwa wa mifugo ulitoka upande mwingine: jamaa za bibi harusi ndio waliompa yeye ng'ombe wa kwenda nao kwa mumewe, na ng'ombe hao walimpa heshima na sauti katika boma. Klima alieleza pia baraza la wanawake lililoweza kumshtaki mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya mifugo. Katika mpangilio wa namna hiyo, kijana anayelia kwamba hana mali ya kumlipia mchumba asingeeleweka kwa namna ileile aliyoeleweka Nairobi. Angekuwa na shida nyingine, kwa mfano ya kukubaliwa na wazee, lakini si ile ya wimbo.

Hilo linafaa kukumbukwa kwa sababu Malaika mara nyingi huelezwa kwa wageni kama wimbo wa mila za Kiafrika. Kwa kweli ni wimbo wa mjini, wa mshahara na pesa za mkononi, uliozaliwa pale mahari ilipoanza kuhesabiwa kwa shilingi.

Sheria za nchi zimelichukulia suala la mahari kwa tahadhari. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka wa 1971, katika kifungu cha 41, inasema kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatiliki kwa sababu tu desturi za mahari hazikufuatwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inaruhusu kiasi kidogo cha ishara kitoshe kuthibitisha ndoa ya kimila pale mila inapodai mahari. Kwa mujibu wa vifungu hivyo, kijana wa wimbo angeweza kuoa. Iwapo wazee wangekubali ni suala lingine.

Kurekodiwa

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka wa 1938 na asili yake ni Taita. Baada ya kurekodi Malaika takriban mwaka wa 1960, aliurekodi tena katika studio ya Equator Sound jijini Nairobi, chini ya mtayarishaji Mwingereza Charles Worrod. Equator ilikuwa na bendi yake ya wanamuziki waliolipwa kupiga katika nyimbo za wenzao: Daudi Kabaka, Nashil Pichen, Peter Tsotsi, Fadhili mwenyewe na wengine. Studio hiyo ilitoa sehemu kubwa ya muziki wa twist uliotikisa Kenya baada ya uhuru. Wimbo wa Kabaka uitwao Helule Helule ulichukuliwa na kundi la Kiingereza la The Tremeloes mwaka wa 1968 na kuingia katika chati za Uingereza, kwa hiyo Malaika haukuwa peke yake katika kuvuka bahari.

Toleo hili la pili ndilo lililosambazwa nje ya Afrika Mashariki, na kwa wengi wa kizazi kile ndilo Malaika halisi. Sauti ya Fadhili ni laini na ya kawaida, bila kujitutumua. Waimbaji waliofuata waliongeza vyombo na kuongeza sauti, na si wote waliofaulu kuliko yeye.

Safari ya kimataifa

Miriam Makeba ndiye aliyeufikisha wimbo mbali. Alikuwa uhamishoni tangu mwaka wa 1960, serikali ya makaburu ilipomnyima ruhusa ya kurudi kwao, na katika maonyesho yake alikusanya nyimbo za lugha nyingi za Afrika. Mwaka wa 1965 yeye na Harry Belafonte walitoa albamu An Evening with Belafonte/Makeba, ambamo waliimba Malaika pamoja. Albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata kama rekodi bora ya muziki wa asili. Kuanzia hapo watu wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba wimbo ni wa Afrika Kusini.

Mwaka wa 1967 kundi la Hep Stars la Uswidi liliurekodi. Mpiga kinanda wake alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kupitia ABBA. Mwaka wa 1981 Boney M. waliutoa kwa mtindo wa disko. Mwaka wa 1991 Angélique Kidjo aliuweka katika albamu yake Logozo, akauimba taratibu na kwa utulivu ambao wasikilizaji wengi wanauona kuwa karibu zaidi na huzuni ya awali. Nchini India umejulikana kwa sauti ya Usha Uthup.

Katika matoleo mengi ya wageni Kiswahili kimeumia. Irabu hubadilika, maneno huunganishwa, na mistari ya ndege mdogo huimbwa kwa namna ambazo hazina maana. Kuna namna kadhaa za mistari hiyo hata miongoni mwa waimbaji wa Afrika Mashariki wenyewe, dalili kwamba wimbo ulipita mdomo hadi mdomo kabla na baada ya kurekodiwa.

Mzozo wa umiliki

Wimbo unapouzwa nje, jina lililoandikwa kwenye lebo ya santuri ndilo linaloamua nani apokee mirabaha. Kwa hiyo swali la nani alitunga Malaika si la heshima peke yake. Ni swali la fedha, na linaumiza zaidi kwa sababu wimbo wenyewe unahusu kukosa fedha.

Sheria haikuwasaidia watunzi waliokuwa wakiimba bila kurekodi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 1966, kama zile za Kiingereza zilizoitangulia, ililinda kazi ya muziki baada ya kuandikwa, kurekodiwa au kuwekwa katika umbo lingine linaloshikika. Mtu aliyeimba wimbo wake ukumbini kwa miaka 15 bila karatasi wala santuri alibaki na mashahidi tu, na mashahidi huzeeka. Adam Salim alikuwa katika hali hiyo. Fadhili William alikuwa na rekodi mkononi, na rekodi ndiyo iliyolibeba jina lake.

Hata hivyo haifai kumchora Fadhili kama mshindi aliyetajirika. Aliishi Marekani kwa miaka mingi, akarudi Kenya, akafariki Nairobi mwezi wa Februari 2001. Jina lake liliheshimiwa, lakini watu waliofaidika zaidi na Malaika walikuwa mbali na Nairobi.

Mambo ya aina hii si ya Afrika Mashariki peke yake. Mwaka wa 1966 mwimbaji wa soul Percy Sledge, aliyekuwa mhudumu wa hospitali katika jimbo la Alabama nchini Marekani, alirekodi When a Man Loves a Woman, wimbo uliofika namba moja katika chati za nchi hiyo. Sledge alieleza kwamba ulitokana na huzuni yake baada ya kuachwa na mpenzi, na kwamba kiini cha tuni kilikuwa chake. Lakini majina yaliyoandikwa kama watunzi ni ya wenzake wawili wa bendi, Calvin Lewis na Andrew Wright, na kwa maelezo yake aliwaachia mwenyewe. Wimbo uliporudi namba moja mwaka wa 1991 kwa sauti ya Michael Bolton, mirabaha ya utunzi ilikwenda kwa walioandikwa. Tofauti na kisa cha Malaika ni kwamba kule watu wote walikuwa chumba kimoja, na bado hesabu haikuwa rahisi.

Afrika Kusini nako kuna mfano mchungu zaidi. Solomon Linda alirekodi Mbube mwaka wa 1939, akafariki mwaka wa 1962 akiwa maskini wakati wimbo wake ukizunguka dunia kwa jina la The Lion Sleeps Tonight. Familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa mwaka wa 2006 tu.

Kwa Malaika hakuna makubaliano ya namna hiyo yaliyomaliza ubishi. Katika machapisho mengine mtunzi huandikwa Fadhili William, katika mengine Adam Salim, na katika mengine wimbo huitwa wa asili, kana kwamba haukutungwa na mtu. Uchaguzi huo una matokeo ya kisheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, kazi ya muziki hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Ikiwa mtunzi ni Fadhili William, ulinzi huo utaendelea mpaka mwisho wa mwaka wa 2051. Ikiwa ni Adam Salim, hesabu inaanza kutoka kaburi lingine. Na ukiitwa wa asili, hakuna familia ya kuomba ruhusa kwake.